Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: Sisi tusioumwa

Shikamoo Mganga Mkuu,

Mimi nauza ndizi Kiboriloni. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kumtolea damu mama mdogo aliyekuwa anasubiri upasuaji. Damu yangu ikakataliwa. Nesi akaniita pembeni: una homa ya ini B, usiogope, kula matunda. Matunda, mimi ninayelala na mikungu! Sikupewa tarehe ya kurudi wala jina langu halikuandikwa popote. Nami nikashukuru, maana sikuwa naumwa kitu.

Kaka yangu naye hakuwa anaumwa. Alibeba zege mpaka mwezi ule tumbo lilipoanza kujaa maji. Macho yakawa ya njano, usiku mmoja akatapika damu. Alipopimwa, ini lilikuwa limejaa makovu na saratani imeshakaa. Msibani watu walimhesabia vikombe vya mbege. Kaka alikuwa Msabato, hakuwahi kuionja.

Daktari mmoja alinifafanulia baadaye. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara 9 kati ya 10 kirusi hubaki naye, na kinaweza kulitafuna ini miaka 30 kimyakimya. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Nikamkumbuka marehemu mama, nikaelewa. Chanjo ya kirusi hiki ilipoingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, mimi na kaka tulishaota ndevu.

Ndiyo maana naomba daftari. Kila anayekutwa na kirusi hiki, awe mchangia damu au mjamzito, aandikwe, apewe tarehe, na asipotokea apigiwe simu, kama wanavyofuatwa wenye kifua kikuu. Apimwe ini, kwa damu na altrasaundi, na watu wa nyumbani kwake waitwe nao wapimwe. Asiye nacho achanjwe. Wapo watakaoambiwa hawahitaji dawa bado, sawa, ila hilo litajulikanaje bila kipimo? Na wanaohitaji, tenofovir si dawa ngeni: imo kwenye vidonge wanavyomeza wenye VVU kila siku.

Mimi nimeshapimwa kwa hela ya ndizi. Ini bado zima, naambiwa nirudi baada ya miezi 6. Tarehe nimeiandika mwenyewe ukutani, kwa mkaa.

Jumanne huwa sishushi mzigo. Daftari likifunguliwa, siku hiyo naweza kuja kuandikwa.

Wako,
Muuza ndizi, Kiboriloni, Moshi