Mfungwa akilazwa wodini, na sisi manesi tunalindwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi manesi tunaliongea sana kwenye chumba cha chai ila kwenye vikao halifiki, nalo ni hili la wafungwa na mahabusu wanaoletwa kulazwa wodini wakiwa na pingu na askari. Niseme mapema nisieleweke vibaya, mimi sipingi wao kutibiwa. Zahanati ya gereza haiwezi kufanya operesheni ya utumbo, lazima waje kwetu, na wengi wao jamani ni wapole kuliko hawa ndugu wa wagonjwa wanaotutukana kisa dripu imechelewa. Kinachonitisha sio mfungwa, ni kwamba akishashuka kwenye karandinga na kuingia wodini hakuna anayejua nani mwenye kauli.

Chukua zamu ya usiku. Nesi mmoja, ukibahatika wawili, wodi imejaa mpaka wengine wamelala chini. Anafika afande na mtu wake anauliza "sista tumuweke wapi?", unaangalia kitanda kilicho wazi kiko katikati ya wodi, pembeni yake kuna mzee katoka thieta jana. Basi anafungwa pale pale kwenye chuma cha kitanda, afande anatafuta kiti hakuna, anasimama na bunduki yake begani, ndugu wa wagonjwa wengine wanaanza kunong'ona kafanya nini huyu na wawili watatu wameshatoa simu wanapiga picha. Karatasi uliyopewa ina jina na "anaumwa tumbo", basi. Alishawahi kumshambulia mtu? Alishajaribu kutoroka, au kujidhuru? Anakohoa tangu lini? Ukiuliza unajibiwa "sista we mpe dawa tu, mengine tuachie sisi".

Sasa mengine nakuachiaje wakati anayeinama kumtafutia mshipa ni mimi? Sitaki kujua kaiba nini wala kaua nani, hayo ni ya mahakama, na kusema kweli nikiyajua naweza kumhudumia kwa roho mbaya bila hata kujijua. Ninachotaka kujua ni hatari. Kama ana historia ya kuvamia nitaenda na mwenzangu, mikasi na sindano sitaziacha kwenye troli karibu na mkono wake ambao hauna pingu. Na hilo la kikohozi sio dogo, magereza yana msongamano na kifua kikuu kinapenda msongamano, halafu tunamlaza mtu katikati ya watu ambao kinga zao zimeshuka, kesho kutwa majibu ya makohozi ndio yanarudi na sisi wote tumeshapumua naye.

Halafu ufunguo. Hapa ndio huwa nakasirika. Niliwahi kuwa zamu mgonjwa wa namna hii akaanza kifafa usiku, mwili unarushwa mkono umebanwa kwenye pingu, ngozi ya kiganja inachanika tunaona, tunataka kumlaza ubavu haiwezekani, namwambia afande fungua, ananiambia ufunguo anao mwenzangu katoka kidogo. Katoka kwenda kutafuta chai nje ya geti! Alirudi mgonjwa ameshatulia mwenyewe. Ingekuwa moyo umesimama tungekuwa tunabonyeza kifua cha mtu aliyefungwa upande mmoja kama mbuzi. Utaratibu gani huo ambao mtu mmoja anashika ufunguo na mwingine anashika zamu?

Kuhusu bunduki, najua kuna watakaosema nesi anaogopa vivuli. Someni ya Geneva, mji mmoja jimbo la Illinois kule Marekani, tarehe 13 Mei 2017. Mfungwa wa jela ya kaunti alikuwa amelazwa hospitali ya Delnor, akafunguliwa pingu aende chooni, akamnyang'anya bastola askari aliyekuwa anamlinda, na askari akakimbia kujificha. Huyo mtu akawashika manesi mateka zaidi ya saa tatu, mmoja akambaka, mpaka polisi walipoingia wakamuua. Manesi walienda mahakamani na kaunti ikaishia kulipa mamilioni ya dola. Tazama vizuri, silaha haikuingizwa na mfungwa, iliingia na mlinzi. Ndio maana Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za 2015 kuhusu wafungwa, zinasema askari anayekutana na wafungwa ana kwa ana asiwe na silaha isipokuwa kwa hali maalum. Mwenye bunduki akae mlangoni, askari wa kitandani awe na mikono mitupu na nguvu zake. Na tafadhali msimsindikize mtu kwenye kipimo cha MRI na pingu na bunduki, ile mashine ni sumaku na haizimwi.

Kesi nyingine ni ya Boise, jimbo la Idaho, Machi 2024, usiku wa manane mfungwa anarudishwa gerezani kutoka hospitali alikopelekwa baada ya kujijeruhi mwenyewe, mwenzake alikuwa anamsubiri nje sehemu ya ambulensi, akawapiga risasi askari magereza wawili, kisha yeye na mfungwa wakakimbia. Askari wa tatu alipigwa risasi na polisi waliofika wakidhani yeye ndiye mvamizi. Walipona wote watatu, na watoro walikamatwa kesho yake. Sisi huku saa ya kumtoa mgonjwa wa aina hii inajulikana na wodi nzima mpaka muuza maandazi, ndugu wanaruhusiwa kuja na hotpoti ya wali haifunguliwi kukaguliwa.

Hata jirani zetu Kenya, hospitali kuu ya Kenyatta, mwaka 2025 wagonjwa wawili waliuawa vitandani kwenye wodi moja, wa kwanza Februari na wa pili Julai, na mshukiwa aliyetajwa mara zote mbili ni mgonjwa mwenzao. Hukumu ni ya mahakama, mimi sio hakimu. Lakini kati ya Februari na Julai ni miezi mitano, mtu huyo huyo bado yumo hospitalini, na manesi wa pale walikuwa wanaingia zamu kila siku.

Nisiwaonee maafande pia. Wale vijana wanasimama tangu asubuhi mpaka usiku bila kiti, wengine hatujui hata kama wamekula, nimeshawahi kugawana nao ugali wangu. Mtu aliyechoka hivyo atasinzia, hata angekuwa nani. Na kuna jambo ambalo na sisi tunawakosea, daktari anamhoji mgonjwa afande kasimama kichwani, mgonjwa hawezi kusema kwamba alipigwa kule ndani au anatumia nini. Asimame amwone lakini asisikie, hilo linawezekana kabisa kama kuna chumba chenye kioo mlangoni. Mama anayejifungua ndio kabisa, pingu leba hazina kazi, Kanuni hizo hizo za Mandela zimekataza wakati wa uchungu, kujifungua na mara baada ya kujifungua.

Mbona haya hayafanyiki? Mimi naona ni kwa sababu mgonjwa huyu ana wenyewe wengi. Magereza wako Mambo ya Ndani, hospitali za rufaa ziko Wizara ya Afya, za wilaya ziko TAMISEMI, mahabusu aliyeletwa na polisi naye ana utaratibu wake, basi kila mmoja anadhani mwenzake ameandika mwongozo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atulinde kazini, lakini ukaguzi ukija wanaangalia mitungi ya kuzimia moto.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Karatasi moja ya makabidhiano ambayo bila kujazwa mgonjwa hapokelewi wodini isipokuwa kwa dharura, iseme hatari yake, ugonjwa wake, na ufunguo anao nani. Askari wawili, wasiondoke bila kupokelewa, na wapewe viti na chakula. Chumba cha pembeni kila hospitali inayopokea wafungwa, na haya majengo mapya yanayojengwa sasa ndio wakati wake kabla rangi haijapakwa. Na inchaji wa wodi apewe kauli ya mwisho ya kusema hapa fungua pingu au hapa ongeza mlinzi, afande asikilize. Wizara zote tatu zina watu wanaosoma gazeti hili, nasubiri mmoja wao ajibu kwenye ukurasa huu huu ni nani atakayeichapisha hiyo karatasi.

Muuguzi, wodi ya wanaume, Kanda ya Ziwa
(jina langu unalo Mhariri, naomba usilitoe)