Nimwambieje mama huyu kuhusu mwanawe?

Mpendwa Mshauri,

Kazi yangu ni kulea watoto katika kituo cha kutwa, na katika kundi langu yumo mvulana wa miezi 21 anayenikosesha usingizi.

Nikimwita jina hageuki, hata nikiwa karibu naye. Lakini mlango ukifunguliwa upande wa pili anaukimbilia, kwa hiyo sidhani kama hasikii, ingawa najua masikio nayo lazima yapimwe. Akitaka kitu haonyeshi kwa kidole, hunishika mkono akausukuma hadi kwenye kitu hicho, bila kunitazama usoni. Wenzake wakimwona paka hunyoosha kidole, kisha hunigeukia kuhakikisha kama nami nimemwona. Yeye sijamwona akifanya hivyo, na hilo linanitia hofu kuliko kuchelewa kusema. Maneno machache aliyokuwa nayo, "mama", "maji", yalipotea moja baada ya jingine.

Sisemi ana usonji (autism), ile hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na uhusiano wa mtoto na watu. Kuamua hilo ni kazi ya wataalamu, na dalili kama hizi huweza kuwa na sababu nyingine. Lakini lipo dodoso la maswali 20, M-CHAT-R, la watoto wa miezi 16 hadi 30. Mzazi ndiye hulijibu, na majibu yake huonyesha kama mtoto anahitaji kuchunguzwa zaidi, hayathibitishi kitu. Wataalamu wenye uzoefu wanaweza kuutambua usonji mtoto akiwa na miaka 2 tu, na mafunzo ya mawasiliano kwa njia ya michezo yanaweza kuanza hata kabla ya jibu kupatikana. Ndiyo maana kila wiki inayopita inaniuma.

Nilipomgusia mama yake kwamba maneno yamepungua, alinijibu, "Baba yake naye alichelewa kusema," akamchukua mtoto wakaondoka. Tangu hapo anayekuja kumchukua ni bibi. Na bibi, bila mimi kumuuliza, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba chanjo ndizo zilizomharibu mjukuu wake. Nilimweleza kuwa si kweli, kwamba makala ya mwaka 1998 iliyozusha habari hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha. Alinisikiliza. Nilichogundua ni kwamba nyumbani wameshaona kitu, ila hawajaambiana.

Mwenzangu kazini ananisihi ninyamaze, nisije nikaonekana ninamtia mtoto wa watu ugonjwa. Siwezi kunyamaza. Lakini nikimkabidhi bibi dodoso, mama ataona nimemzunguka, na huenda akamtoa mtoto hapa. Nikimsubiri mama, sijui atakuja lini.

Je, nimwite mama na baba pamoja, niwaeleze tu ninayoyaona bila kulitaja neno usonji? Au neno lenyewe nilitamke mapema, ili wasiende kwa daktari wakaambiwa wangoje tu kwa kuwa wavulana huchelewa kusema?

Mlezi wa watoto