Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Desemba 2025: Siku za Sayansi Tulizoadhimisha

Ndugu wanachama, wazee wa kamati ya ushauri, walimu, mafundi na wanafunzi mliofika Jinja kutoka pande zote mbili za Mto Nile, hamjambo na karibuni.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Yangu ni kalenda: siku zipi za sayansi na teknolojia tumeziadhimisha mwaka huu, kwa nini hizo, na ipi naiomba iingie mwakani.

Mnakumbuka mjadala wa Januari. Ukitafuta, karibu kila tarehe ina chombo kilichorushwa, mashine iliyozinduliwa au mwanasayansi aliyezaliwa. Tukakubaliana kwamba siku tutakayoibeba iwe na uhusiano na hapa kwetu, au angalau iwe na kazi ambayo mtoto wa shule anaweza kuifanya kwa mikono yake. Hotuba tupu tulizikataa, na nafurahi tulizikataa.

Iliyofana kupita zote ni 13 Septemba. Waandishi wa programu za kompyuta duniani huisherehekea kwa kuwa ni siku ya 256 ya mwaka. Mwaka mrefu, wenye siku 366, huangukia tarehe 12. Namba hiyo ina sababu. Biti nane, kila moja ikiwa sifuri au moja, hutoa mipangilio 256, na biti nane ndizo baiti moja. Sasa niambieni, ni nchi gani inayopigiwa simu kwa kuanza na 256? Ni Uganda. Kwa hiyo siku hii ni yetu mara mbili, na ningependa kila shule nchini ijue hivyo.

Tuliwapanga wanafunzi wanane mstari mmoja uwanjani, kila mmoja na kadi yake: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Aliyesimama anahesabiwa, aliyechuchumaa hahesabiwi. Mwalimu akaita, “Sabini na tatu!” Wa 64 akainuka, wa 8 akainuka, pakawa kimya kidogo, kisha yule mdogo wa mwisho mwenye kadi ya 1 akaruka juu na uwanja mzima ukapiga makofi. Baadaye wakatakiwa waonyeshe 256 yenyewe. Wakasimama wote, wakajumlisha, wakapata 255. Wakabishana. Msichana wa kadi ya 128 ndiye aliyesema kwamba hata wote wakichuchumaa huo nao ni mpangilio, na lazima uhesabiwe. Hakuna mtu mzima aliyelazimika kuongeza neno.

Wiki hiyo hiyo, tarehe 9, tulikumbuka mdudu aitwaye nondo aliyekutwa mwaka 1947 ndani ya kompyuta ya Mark II kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Waliokuwa kazini walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu za mashine; kwa Kiingereza hitilafu ya kompyuta huitwa “bug”, yaani mdudu. Mafundi wetu wa simu na redio walifungua vifaa vibovu mbele ya watoto, na ndani ya redio moja ya zamani tukakuta sisimizi wamejenga. Watoto hawakutaka kuondoka.

Kuhusu pai, ile namba ya takriban 3.14 unayoipata ukigawanya mzingo wa duara kwa kipenyo chake, nasimama na uamuzi wa kamati. UNESCO ilitangaza 14 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 2019, na tarehe hiyo imetokana na Wamarekani kuandika mwezi kwanza, 3/14. Sisi tunaanza na siku. Basi siku yetu ni 22 Julai, yaani 22/7, sehemu ile ile ambayo kila mwanafunzi wa Uganda ameitumia kwenye mtihani. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7, na tofauti yenyewe inazidi 0.001 kwa kiasi kidogo sana. Tulichukua baiskeli ya mizigo yenye gurudumu la kipenyo cha takriban sentimita 70, tukatia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, tukaisukuma taratibu mpaka chaki ya tairi ikagusa ardhi tena. Futi kamba ikasoma karibu sentimita 220. Mwenye baiskeli, ambaye hubeba ndizi sokoni, aliomba tupime tena ili aone kwa macho yake.

12 Aprili, siku mwanaanga Yuri Gagarin wa Umoja wa Kisovieti alipoizunguka dunia kwa dakika 108 mwaka 1961, na Siku ya Ada Lovelace ya Oktoba, ya yule mwanahisabati Mwingereza anayetajwa mara nyingi kuwa mwandishi wa kwanza wa programu, zilipita vizuri. Ripoti zake ziko kwa katibu.

Aprili pia tulizungumzia msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ambako mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano waligundua virusi vya Zika kwa kima waliyemweka kwenye kizimba juu ya mti. Baadhi yenu mliuliza kama ugonjwa unastahili sherehe. Jibu langu ni kwamba tunaadhimisha kazi ya watu waliokaa msituni wakisaka chanzo cha maradhi.

Palikuwa na ubishi kuhusu setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1. Iliondoka duniani 7 Novemba 2022 kutoka Virginia, Marekani, ikaachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 2 Desemba. Kamati ilichagua 2 Desemba, kwa kuwa ndipo ilipoanza kuzunguka yenyewe. Watoto walitengeneza boksi la sentimita 10 kila upande, ukubwa wa setilaiti hiyo, na wengi hawakuamini kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa na kamera.

Na 12 Desemba tulitimiza miaka 55 ya Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei angani. Ilirushwa mwaka 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina hilo kwa heshima ya wenyeji. Inaniuma kuona vitabu vya watoto wetu vinaipita kimya.

Mwakani naomba tumwingize Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi katika shule ya sekondari Magamba, Tanzania, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa, akashikilia swali lake, na mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na ndiyo maana linafaa kwa vijana wenye friji na kipimajoto. Tatizo ni kwamba halina tarehe. Kamati inapendekeza Jumamosi ya kwanza ya Machi, kabla mvua hazijashika. Mwenye pendekezo jingine aliandike kwenye karatasi ya kura, na katibu atazikusanya kabla ya chakula cha mchana.