Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: nilishonwa mdomo, kutafuna bado

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Busia, Uganda. Mimi ni mama wa miaka 38, nauza mahindi, maharage na karanga sokoni. Nilizaliwa na mdomo sungura, na kaakaa nalo lilikuwa limepasuka. Nilishonwa mdomo nikiwa mchanga, kaakaa baadaye kidogo. Waliotushughulikia nawaombea heri hadi leo, kwani naongea na wateja wakanielewa.

Lakini hindi la kuchoma siliwezi.

Wengi wanadhani ukishashonwa umepona. Kovu la kaakaa huvuta. Mtoto anavyozidi kukua, taya la juu linaweza kubaki nyuma huku la chini likisonga mbele. Mimi meno yangu ya chini yamepita mbele ya yale ya juu, kwa hiyo siwezi kukata kitu kwa meno ya mbele. Jino moja penye mpasuko halikuota kabisa. Nikifunga mdomo, yanayokutana sawasawa ni manne, yote upande wa kulia. Tena kuna kitundu kilichobaki kwenye kaakaa. Nikinywa mchuzi kwa haraka, unatokea puani. Kwenye harusi na matanga huwa naomba kazi ya kupakua, wenzangu wakila mimi nimesimama na upawa.

Chakula changu ni uji, matoke, posho (ugali) na mchuzi. Vinashibisha, ila karibu vyote ni wanga. Nyama naikatakata hadi iwe kama punje za maharage, natafuna taya linauma, na mara nyingi naishia kuitema. Kilichonisaidia ni karanga za kusaga na mukene, yaani dagaa, ninaoutwanga uwe unga, nikakoroga kwenye mchuzi. Hilo sikuelekezwa na mtu, nililigundua jikoni kwangu.

Mwaka jana nilishikwa na kizunguzungu nikaenda kituo cha afya. Damu ilikuwa imepungua. Nilipewa vidonge, nikaambiwa nile nyama, maini na mboga ya dodo (mchicha) kwa wingi. Muuguzi alikuwa mpole kweli. Mwanangu mdogo alipimwa mkono kwa utepe wa rangi wa kuangalia utapiamlo, nikaulizwa anakula nini na mara ngapi. Mimi sikuulizwa kama ninaweza kutafuna.

Mheshimiwa, naomba swali hilo liwekwe: mtu mzima aliyezaliwa na mpasuko akifika kituoni, aulizwe anatafuna nini na anaacha nini, kisha apewe ushauri wa chakula unaolingana na mdomo wake. Hata kupima si kazi kubwa. Kuna kipimo cha chingamu ya rangi mbili: unatafuna mara 20, unaitema, wanaangalia rangi zimechanganyika kiasi gani.

Lakini ushauri hauzibi kitundu wala hausogezi taya. Hospitali kama CoRSU ya Kisubi zinashona watoto wenye mpasuko bila malipo, na hilo ni jambo kubwa sana. Ila kushona ni mwanzo. Mfupa wa kujazia ufizi kwa kawaida hupandikizwa mtoto akiwa na miaka 8 hadi 11 hivi, kabla jino la chonge halijatoka. Upasuaji wa kusogeza taya husubiri mwili umalize kukua. Miaka yangu hiyo yote ilipita nikiwa nyumbani, kwa sababu hakuna aliyetuambia turudi. Naomba hospitali za rufaa za mikoa, kwetu huku ni Mbale, ziwe na daktari wa meno na mtaalamu wa lishe wanaotuita kwa orodha, watoto na watu wazima, bila kutulazimu kwenda Kampala kwa kila jino.

Meza ya tatu kutoka yangu kuna mama mwenye binti wa miaka 9, alishonwa kama mimi. Chonge zake za juu hazijatoka. Juzi mama yake aliniuliza ampeleke wapi, na bado sijamjibu.

Wako mwananchi,
Muuza nafaka, Busia