Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Nyamagana

Mzee wangu, shikamoo. Jumamosi ile sikukuuliza jina, ndiyo maana nakushukuru hapa.

Nilikuwa geti la uwanja wa Nyamagana na picha ya marehemu baba, vijana wamekaa kwenye jukwaa, nyuma haina hata neno moja. Nilishauliza watu watatu ilipigwa wapi, wote wakanielekeza uwanja wa CCM Kirumba. Wewe uliegemeza baiskeli ukutani, ukafuta miwani kwa ncha ya shati, ukasema, "Hapa ni hapahapa, mwanangu."

Ukanishika mkono tukazunguka. Nyasi bandia za leo hukuzijali (mimi nazipenda, nisamehe). Ulitaka nione ya 1974: Yanga na Simba wakigombea ubingwa hapa Mwanza, Adam Sabu wa Simba anatangulia kufunga, Gibson Sembuli wa Yanga anasawazisha jioni, kisha Sunday Manara anaimalizia Yanga kazi dakika za nyongeza. 2-1. Ulivyoguna ulipofika kwa Manara, nikajua wewe ni wa Msimbazi, Simba damu.

Baba alikuwa Yanga kindakindaki. Picha nimeiandika nyuma kwa kalamu: Nyamagana.

Soda yako bado nadaiwa, mzee.