Shoga yangu, tumeamua ni Ohio

Lowell, Massachusetts
8 Machi 2026

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo. Watoto wazima, na baba yao yuko barabarani na mzigo wa California, jana usiku kalala Nebraska. Natumaini wewe, shemeji na wanangu mko salama, na lile goti lako limepata nafuu.

Nimeona nikuandikie badala ya kukutumia sauti za WhatsApp, maana jambo lenyewe ni refu na nataka ulisome ukiwa umetulia, kisha umsomee na shemeji. Tumeamua kuhama. Mwishoni mwa Juni tunaondoka Massachusetts, tunakuja kwenu Columbus.

Kilichotusukuma unakijua nusu. Mwenye nyumba ametuandikia kwamba mkataba ukiisha Juni 30, pango linapanda kutoka dola 2,450 hadi 2,700. Vyumba viwili hivyo, ghorofa ya tatu, na theluji ikianguka hatuna hata pa kuegesha gari. Sheria ya kumzuia haipo. Wapiga kura wa jimbo hili walifuta udhibiti wa pango tangu 1994, kwa hiyo ukipandishiwa unalipa au unahama. Tumekuwa tukipandishiwa na kulipa. Nusu ya pili ni watoto. Wote watatu wanalala chumba kimoja, na binti mkubwa sasa ana miaka 16, nguo anavalia bafuni. Shoga, hilo la bafuni linaniuma kuliko dola 250 za nyongeza. Tumekuja Marekani tukabeba boksi miaka yote hii, na mtoto wa kike hana mlango wake wa kufunga.

Kununua nyumba hapa tumeshaacha kuzungumzia. Nyumba ndogo ya kawaida Lowell inauzwa dola 500,000 na zaidi. Huko kwenu naziona za vyumba vitatu chini ya 300,000, na mkopo wa namna hiyo mimi na baba watoto tunaweza kuubeba tukikaa sawa mwaka mmoja au miwili.

Baba watoto mwanzoni alitaka Houston. Kaka yake yuko kule, Watanzania ni wengi, misiba na harusi zinafanyika kama nyumbani, na Texas haikati kodi ya jimbo kwenye mshahara. Nikamwambia sawa, lakini tuangalie na mengine. Kodi ya majengo Texas ni kubwa, na ukishanunua nyumba unailipa kila mwaka. Halafu kuna suala la matibabu. Texas haikupanua Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa watu wazima, Ohio ilipanua. Mimi nakunywa dawa za presha kila siku. Siwezi kuhamia mahali ambapo nikipoteza kazi napoteza na dawa, huku nina watoto watatu wananitazama. Alinyamaza, akafikiri, kesho yake akaniambia, mama watoto, twende Ohio. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kaka yake bado hajafurahi.

Sasa hesabu. Nimezipiga mezani usiku watoto wakiwa wamelala, na nataka uzione ili uniambie kama kuna mahali zinavuja.

Pango: hapa 2,700, huko nyumba ya vyumba vitatu nimeipata kwa 1,750. Tofauti ni 950. Deikea, anakolelewa mdogo tukiwa kazini: hapa tunalipa 1,900 kwa mwezi, huko niliyoulizia ni 1,150. Hapo kuna 750. Lakini mshahara wangu unashuka. Hapa napata dola 24 kwa saa, na nyumba za wazee za huko nilizozipigia simu zinaanzia 20. Dola nne kwa saa, kwa saa 40 za wiki, ni kama 690 kwa mwezi kabla ya makato. Baba watoto yeye analipwa kwa maili, kwa hiyo kwake hakuna kinachobadilika. Ukijumlisha yote tunabakiwa na dola 1,000 hivi kila mwezi.

Watu wanaotuambia Ohio ni rahisi huishia kwenye pango. Na kodi ya mapato karibu ni ile ile. Massachusetts wanakata asilimia 5. Ohio kuanzia mwaka huu jimbo linakata 2.75, ukasema afadhali, kumbe Columbus nao wana kodi yao ya jiji ya asilimia 2.5, na anayefanya kazi ndani ya jiji anakatwa hata kama anaishi nje yake. Asante sana uliponitajia hilo, maana kwenye hesabu ya kwanza halikuwemo na dola zilikuwa zinaonekana nyingi. Hiyo 1,000 ndiyo ya kweli. Tukiiweka bila kuigusa, ndiyo malipo ya awali ya nyumba.

Tarehe ya kuhama ameiamua binti bila mwenyewe kujua. Anamaliza darasa la 11 mwezi Juni. Chuo cha serikali cha Ohio kikikuhesabu kama mkazi unalipa ada ndogo, na kuhesabiwa ni lazima mzazi awe ameishi kwenye jimbo miezi 12 mfululizo kabla mtoto hajaanza masomo. Tukihama mwisho wa Juni, Agosti ya 2027 anapoanza chuo tutakuwa tumetimiza. Tukisubiri amalize shule kwanza hapa, tutakuwa tumemwondolea ada ya mkazi huku na kule pia hajaipata. Nilimweleza hivyo hivyo, kwa karatasi na kalamu. Alielewa hesabu yote, hakubisha hata neno moja, kisha akaingia chumbani akalala na viatu. Yuko kwenye timu ya mbio ya shule, kocha alishamwambia mwakani atakuwa nahodha. Hili sina namna ya kulilipa. Nakuomba, tukifika, mwanao mkubwa amchukue wawe wanatoka pamoja, hata kama ni kwenda dukani tu.

Makaratasi nimeyapanga kwa mafungu. Cheti changu cha CNA, cha usaidizi wa wauguzi, kinahamishika. Ohio wengi wamezoea kuita STNA, na ukiwa kwenye daftari la jimbo lako bila doa unaomba wakuingize kwao bila kufanya mtihani upya. Nitaomba mapema ili nisikae bila shifti. Baba watoto ana siku 30 baada ya kuhamia kubadilisha leseni yake ya lori iwe ya Ohio, na hiyo siyo ya kuchezea kwa sababu ndiyo mkate wetu. Sisi wenye greenkadi tuna siku 10 tu za kuwajulisha uhamiaji anwani mpya kwa fomu ya AR-11, kila mtu ya kwake, na watoto wasio raia pia. Watu wengi huibadilisha posta wakadhani wamemaliza. Na kuhusu uraia wa baba watoto, tumekubaliana asubiri. Anayeomba anatakiwa awe ameishi miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ya uhamiaji anakoombea, basi ataomba Oktoba tukiwa tumeshatulia, kuliko kuanza hapa halafu faili lihamishwe ofisi katikati ya safari. Bima ya watoto ya hapa haivuki mpaka wa jimbo, kwa hiyo nitaomba ya Ohio wiki hiyo hiyo tunayofika. Mdogo ana pumu. Nitambebea dawa za kutosha na nakala ya chanjo zote.

Mizigo ilitusumbua kichwa. Kuna familia ya Wakenya tunayosali nayo, wao walihamia North Carolina mwaka juzi. Walipata bei nzuri kwenye simu kutoka kwa mtu aliyejiita kampuni, kumbe ni dalali tu, hana hata lori. Siku ya siku likaja lori la watu wengine, wakapakia kila kitu, ndipo wakaambiwa bei imekuwa maradufu, wasipolipa vitu havishushwi. Walilala sakafuni na watoto siku nyingi. Tangu hapo nimejisomea sheria za FMCSA, wale wanaosimamia usafirishaji kati ya majimbo. Kampuni halali lazima iwe na namba ya USDOT unayoweza kuikagua. Makadirio ya bei ni ya aina mbili, yaliyofungwa na yasiyofungwa, na kwa yale yasiyofungwa, ambayo bei inaweza kubadilika, hawaruhusiwi kukudai zaidi ya asilimia 110 yake wakati wa kushusha. Na ile dhamana ya bure wanayokupa ni senti 60 kwa ratili, maana yake televisheni ya ratili 40 ikivunjika unalipwa dola 24. Mtu akikuuliza mambo haya, mwambie aombe yote kwa maandishi kabla hajatoa hata senti.

Sisi tumeamua tukodi lori wenyewe. Kuendesha lori kwa baba watoto ni kazi ya kila siku, mimi nitafuata na gari dogo na watoto. Ni kama maili 770. Tutashika barabara kuu ya I-90 kupitia Albany na Syracuse, tulale Buffalo au Erie, asubuhi Cleveland, kisha I-71 hadi kwenu. Ndiyo maana pia nakataa kabisa habari ya kuhama wakati wa baridi, theluji ya ziwa pale Buffalo siitaki nikiwa na watoto.

Makochi na vitanda tunaviacha. Kuvibeba ni gharama kuliko kununua vingine. Ninavyobeba unavijua. Mbuzi yangu ya kukunia nazi aliyonipa bibi Tanga, kinu na mchi, sufuria mbili kubwa za shughuli, cherehani. Nimeanza kufunga sahani, na badala ya magazeti nafungia khanga: natandaza moja, naweka sahani, nakunja pindo juu yake, naweka nyingine, nakunja tena, mpaka khanga inaisha. Doti moja inameza sahani nane. Zote zimeingia kwenye maboksi mawili na bado khanga hazijaisha, nikacheka peke yangu jinsi nilivyo nazo nyingi.

Shoga, nikwambie linaloninyima usingizi, nalo halimo kwenye hesabu. Nilipojifungua huyu mdogo, baba yao alikuwa Texas na lori lililoharibika. Wanawake wa hapa walipangana zamu. Mmoja Mkenya, mmoja wa Bukavu, mama mmoja wa Moshi aliyenipikia mtori kila asubuhi kabla hajaenda kazini, akiuacha mlangoni kwenye chupa ya chai ili usipoe. Hakuna niliyemwomba. Tulipofiwa na baba mkwe, kabla sijamaliza kulia nyumba ilikuwa imejaa na daftari la rambirambi limeshafunguliwa. Watu hawa ndio wamenifanya nisione ugeni hapa Lowell. Nikiwaaga kanisani sijui nitasema nini, na wengine wameshaanza kuniangalia kwa macho ya kuniaga.

Kwa hiyo niambie ukweli, wala usinipambie. Najua Columbus ina Wasomali wengi, nyama ya mbuzi na unga havitanisumbua. Ninachotaka kujua ni hiki: mtu akilazwa, nani anakuja? Mnakutana wapi? Mwanamke akiingia akiwa mgeni anachukua muda gani kabla hajaitwa kwenye jiko la shughuli? Kama ni pagumu, niambie ni pagumu. Nitakuja vile vile, lakini nije nimejiandaa.

Mwisho nina ombi, nalo ni kubwa. Hiyo nyumba ya 1,750 iko upande wa Morse Road. Anwani nitakutumia kwenye simu. Picha zake nzuri mno, na anayeitangaza anataka amana haraka. Nimeingia kwenye tovuti ya Franklin County Auditor, ambako jina la mmiliki wa kila nyumba liko wazi, na jina linalingana. Hata hivyo situmi pesa mpaka jicho lako liingie ndani. Nenda mchana, na ukiweza upite tena usiku uone majirani wakoje. Fungua maji ya moto uyaache yatiririke. Shuka besimenti unuse, kama kuna unyevu mdogo wangu hawezi kukaa humo na pumu yake. Uliza pango linajumuisha nini, na takataka nani anazitoa. Ukitoka umeridhika nitatuma amana siku hiyo hiyo, na usiporidhika uiache, tutafute nyingine. Juni bado haijafika.

Msalimie sana shemeji, mwambie mwisho wa Juni asichukue ovataimu, baba watoto anamhitaji kushusha mizigo. Wanangu wabusu. Na goti lako lisikuzuie kwenda kwa daktari, usijifanye shujaa.

Nasubiri jibu lako.

Mimi shoga yako,
Mama watoto wa Lowell, kwa sasa