CT scan ya kichwa: ulizia namba ya mionzi, na CD usiitupe

"Baba alipigwa CT scan wiki iliyopita hospitali nyingine, leo anapigwa tena. Hiyo mionzi haitamzidia?" Swali hili tunaulizwa na watoto wa wagonjwa kuliko wagonjwa wenyewe, nao wana haki ya kujibiwa kwa hesabu, si kwa "usijali mama".

CT scan moja ya kichwa kwa mtu mzima huwa karibu milisivati 2 (milisivati ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umepokea). Mionzi ya asili, inayotoka ardhini, angani na hata kwenye chakula, humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka, awe amekanyaga hospitali au la. Kwa hiyo aliyeanguka na bodaboda akapoteza fahamu, au mzee ambaye mdomo umepinda ghafla na mkono mmoja umelegea, asiiogope picha hiyo. Ndani ya dakika chache inaonyesha kama kuna damu iliyovuja, na bila kujua hilo daktari hathubutu kumpa mgonjwa wa kiharusi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Tunachopigana nacho ni picha ya pili isiyo na sababu. Mara nyingi hurudiwa kwa kuwa ya kwanza haionekani: CD imebaki nyumbani, imekwaruzika, au ndugu wamekuja na picha waliyorushiwa WhatsApp, ambayo daktari hawezi kuipitia kipande kwa kipande. Ukija na CD tunaifungua kwanza. Ikisomeka, na hali ya mgonjwa haijabadilika, tunampigia daktari aliyeagiza kipimo kabla ya kumlaza mtu mezani. Ni kweli, siku hiyo mauzo yanapungua. Lakini kama damu ilishaonekana kichwani au mgonjwa ameanza kusinzia ovyo, kurudia ni lazima na hatubishani.

Kwenye CD hiyo, kati ya picha za ubongo, mara nyingi kuna ukurasa mmoja mweusi wenye jedwali la namba tupu. Watu wengi huupita. Tafuta herufi DLP, yaani jumla ya mionzi ambayo mashine ilitoa kwenye kipimo chote. Tuseme imeandikwa 950: zidisha kwa 0.0021, unapata 1.995, ndizo zile milisivati 2. Kwa mtoto wa mwaka mmoja unazidisha kwa 0.0067, yaani namba ileile ya mashine inamgharimu yeye mara tatu na zaidi. Ndiyo maana kwa watoto mashine hupunguzwa nguvu. Na ndiyo maana mtoto aliyedondoka kitandani, akalia papo hapo, hajatapika na anacheza kama kawaida, daktari huona heri akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa kuliko kukimbilia picha.

Mashine zetu hukaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, lakini mkaguzi hasimami pale kila mgonjwa anapolala. Mwaka 2009, hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, Marekani, iligundua kwamba kwa miezi 18 wagonjwa 206 waliopimwa mtiririko wa damu kwenye ubongo walipewa mionzi takriban mara nane ya iliyokusudiwa. Mipangilio ya kipimo kwenye mashine ilikuwa imebadilishwa ikabaki hivyo, hadi mgonjwa mmoja aliponyonyoka nywele. Mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria ya kuandika kiasi cha mionzi kwenye ripoti ya CT. Sisi tunakiandika bila kusubiri sheria, mstari wa mwisho juu ya sahihi ya daktari bingwa wa radiolojia.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, haina mionzi hii kabisa, na kwa kifafa au maumivu ya kichwa ya muda mrefu mara nyingi inaonyesha vizuri zaidi. Ila inachukua muda, ina kelele, na mwenye betri ya moyo lazima aseme mapema. Mjamzito naye atuambie, hata kama miale ya CT inaelekezwa kichwani na inayofika tumboni ni kidogo mno.

Siku ya kuja, leta fomu ya daktari iliyoandikwa dalili, siyo "CT brain" peke yake, pamoja na CD zote za zamani, hata zilizopasuka kava. Ripoti ikitoka bila namba ya mionzi, irudishe dirishani, tutaijaza ukiwa unasubiri.